Chumba cha Awamu ya Tatu

"Sasa kwa hizi tatu, ya kweli iko gani?"

Bibi aliniuliza hivyo akiwa ameshika karatasi tatu nilizotoka nazo Arua, zote za nyumba yake. Karatasi ya kwanza ilionyesha chumba chake cha kulala kikiwa na kuta nne za mistari mizito ya kijivu. Ya pili ilionyesha chumba kile kile kwa mistari iliyokatikakatika. Ya tatu haikuwa na chumba kabisa. Pale palipokuwa na kitanda chake palikuwa na kibaraza kipana, na nguzo mbili, na mshale wa kuonyesha maji ya mvua yataelekea wapi.

Nilimwambia zote ni za kweli, ila kila moja ina wakati wake. Alizirudisha mapajani mwangu moja baada ya nyingine, akaendelea kubangua karanga. Nilijua hakuridhika. Hata mimi sikuridhika.

Nilikuwa nimemaliza chuo Kampala na kupata kazi katika ofisi ndogo ya michoro ya majengo mjini Arua, juu ya duka la vipuri vya pikipiki. Tangu Arua ifanywe jiji, kila mwenye nyumba ya zamani karibu na barabara alitaka ionekane mpya, lakini wachache walitaka kuibomoa yote. Kwa hiyo kazi yetu kubwa ilikuwa ukarabati. Programu tuliyotumia kuchora inafanya kazi hiyo kwa njia rahisi. Kila ukuta, kila mlango, kila dirisha unaulizwa maswali mawili: umejengwa katika awamu gani, na utabomolewa katika awamu gani. Ukijibu hayo mawili, programu yenyewe inajua ichore nini. Ukiomba kuona nyumba ilivyo leo, ukuta unasimama. Ukiomba kuona kazi ya kubomoa, ukuta ule ule unageuka mistari iliyokatika. Ukiomba kuona mwisho wa kazi, haupo.

Kabla ya awamu zinazohesabiwa kuna moja inayoitwa Iliyopo, na kila kitu cha nyuma kinaingizwa humo. Jina hilo lilinisumbua tangu mwanzo. Iliyopo tangu lini? Nyumba ya bibi, kule Lobule, ilikuwa na kuta mbili alizojenga babu akiwa bado askari. Ilikuwa na ukuta mwingine uliojengwa upya waliporudi kutoka Kongo, walikokimbilia wakati wa vita. Dirisha la mbele lilipanuliwa na baba yangu kabla ya kumwoa mama, ili wageni waone mapazia. Katika mchoro, vyote hivyo vilikuwa kijivu kimoja. Nilimwambia mkuu wangu wa kazi kwamba ningependa kuvitenganisha. Alicheka kwa upole akasema mteja halipii historia.

Mteja mwenyewe alikuwa baba mkubwa, kaka wa baba yangu, aliyekuwa akiuza mbao Arua. Baba yangu alikuwa ameshafariki na kuzikwa pale nyumbani kando ya babu, kwa hiyo mambo yote ya nyumba ya bibi yalikuwa juu ya baba mkubwa. Mpango wake ulikuwa mfupi: kumleta mama yake Arua, kubomoa chumba kibovu kabla ya mvua kubwa, kujenga, kumrudisha. Sababu yake ilikuwa nzuri pia. Mchwa walikuwa wameingia katika ukuta ulioegemewa na kitanda cha bibi, na ufa ulishuka kutoka darini hadi kwenye mto wake wa kulalia.

Bibi alikataa. Mimi na yeye tulizungumza Kiswahili siku zote. Alikipata kambini alipokuwa mke wa askari, akakiongezea kingine Kongo. Mimi nilikulia mjini Arua, na Kikakwa changu kinatosha kusalimia na kuomba maji. Alinieleza bila kuinua sauti.

"Mimi nilitoka hapa mara moja," alisema. "Narudi, nakuta mbuzi ya watu iko analala ndani, mabati hakuna. Sitoki tena. Kama ukuta inataka kuniangukia, ianguke."

Hapo ndipo niliposema kuna njia. Nilisema nitaigawa kazi kwa awamu nne, na hatatoka. Katika awamu ya kwanza mafundi watajenga chumba kipya upande wa pili wa nyumba, na yeye atabaki chumbani kwake, kitanda kikiwa kimesogezwa mbali na ufa. Katika ya pili atahamia chumba kipya. Katika ya tatu chumba cha zamani kitabomolewa. Katika ya nne kitajengwa kibaraza na paa litaunganishwa. Nilimwahidi kwamba hatalala nje ya boma lake hata usiku mmoja. Baba mkubwa alisema njia hiyo ni ndefu, lakini alikubali, nadhani kwa sababu mtoto wa marehemu mdogo wake alikuwa ameomba.

Niliifanya kazi hiyo jioni, baada ya saa za ofisi, na sikumbuki mchoro mwingine nilioufanya kwa makini kiasi kile. Niliweka hata kitanda. Nilitafuta kilicho kidogo kuliko vyote katika vitu vya programu, nikakiweka katika chumba cha zamani. Kisha nilipotaka kukihamisha kwenda chumba kipya, programu ilikataa. Ndani yake kitu hakihami kutoka awamu moja kwenda nyingine. Unachoweza ni kukibomoa kile cha kwanza na kuunda cha pili kinachofanana nacho. Nilikaa nikijiuliza aliyeitengeneza aliwahi kuhama nyumba au la. Mwishowe nilifanya inavyotaka: kitanda kimoja kinabomolewa awamu ya pili, kingine kinazaliwa awamu hiyo hiyo, chumba cha pili.

Mahali pekee palipokuwa tambarare kwa chumba kipya palikuwa upande wa makaburi. Hilo halikumtatiza mtu. Bibi alisema vizuri, atakuwa karibu na watu wake. Niliacha nafasi ya kupita kati ya ukuta na kaburi la babu, nikachora makaburi yote mawili kwa rangi ya kijivu, kwa kuwa yalikuwepo.

Fundi mkuu alikuwa Mkongo aliyeoa Koboko, mtu wa maneno machache. Alianza kuchimba msingi Ijumaa, akaanzia kona iliyo karibu na makaburi. Hakuwa amefika mbali, kipande tu, mvua ikaja. Walifunika shimo kwa turubai, wakaweka mawe pembeni, wakaenda.

Jumamosi ni siku watu wengi wanapopita barabara ile na baiskeli zao kwenda sokoni Koboko. Kwetu watu wanazikwa nyumbani. Mtu akipita asubuhi akaona udongo mbichi kando ya makaburi, shimo la urefu wa mtu, na turubai juu yake ili mvua isiingie, hasimami kuuliza. Anajua nyumbani kwa nani, na anajua nani ndani ya nyumba hiyo ndiye mzee. Habari ilifika sokoni kabla ya jua kupanda, na kutoka sokoni ikarudi kwa njia nyingine.

Mimi nilikuwa nimefika asubuhi ile kuangalia msingi. Bibi alikuwa amekaa kibarazani akichagua maharagwe kwenye ungo, na shangazi, binti yake wa mwisho anayeishi naye, alikuwa anafua. Tulisikia kilio kikija kutoka barabarani. Shangazi aliacha nguo majini, akasimama, akasema lazima kuna msiba kwa jirani. Kilio kiliingia kwetu. Walikuwa wanawake wa ukoo, kuni kichwani, mmoja ana jogoo kwapani, mwingine ameleta unga. Nyuma yao alikuja shemeji wa bibi, mdogo wake babu, mzee mwenye haki ya kumtania tangu alipoolewa.

Walipomwona kibarazani, kilio kilikatika. Hakuna aliyetua kuni.

"Nani amekufa?" bibi aliuliza.

Walitazamana. Shemeji ndiye aliyejibu.

"Wanasema ni wewe."

"Mimi?"

"Wewe. Sisi tumeacha muhogo kwa shamba. Tumelia kutoka kule mtoni mpaka hapa. Na wewe uko tu unachagua maharagwe."

"Na wewe pia ulilia?"

"Kidogo."

"Lia tena, nisikie kama iko mzuri."

Wanawake walianza kucheka, wengine huku machozi bado yanashuka, na mmoja alikasirika kweli akasema haya si mambo ya kuchezea. Bibi aliwaambia waweke kuni jikoni. Watu wakija matangani wanakula, alisema, kwa hiyo watakula. Jogoo wao wenyewe alichinjwa. Shemeji alikula kuliko wote na kusema matanga haya ni mazuri, mwenye kufa anagawa nyama mwenyewe. Nami nilicheka. Siku ile yote niliiona kama hadithi nitakayowasimulia wenzangu ofisini.

Kabla hawajaondoka bibi alishika fimbo yake, akaenda mpaka kwenye msingi, akamwambia fundi mkuu aondoe turubai. Alitazama ndani kwa muda.

"Iko fupi," alisema.

"Mama, hii ni musingi ya nyumba," fundi alisema. "Haiko ya mutu."

"Ninajua. Rudisha turubai."

Jumapili mchungaji wa kanisa la jirani aliletwa kuombea shimo. Nilimuuliza shangazi tunaombea nini hasa, shimo au macho ya wapita njia. Aliniambia nishike adabu, na kwamba kusoma kwangu hakujanifundisha kunyamaza. Fundi mkuu alivua kofia na kusimama mbali. Sikuwa na imani na maombi yale, lakini niliona mafundi wengine walivyokuwa wakigeukia mlango wa bibi kila alipokohoa ndani, kama watu wanaosikiliza hodi ya kifo. Nilirudi Arua jioni. Nilifikiri wataizoea hali hiyo.

Wiki haikwisha. Baba mkubwa alinipigia simu nikiwa ofisini akaniambia mama yake yuko kwake. Nilivuka mji kwa boda mpaka nyumbani kwake na kumkuta bibi sebuleni, juu ya kochi, miguu yake haifiki chini vizuri, televisheni imewashwa na hakuna anayeitazama. Mfuko wake wa nguo ulikuwa pembeni ya kochi, bado umefungwa. Baba mkubwa aliniita nje. Alisema kazi ilikuwa haiendi, mvua kubwa imekaribia, na ukuta ungemwangukia mama. Chumba cha zamani kilikuwa kimeshabomolewa.

"Awamu ya tatu?" nilimuuliza, kwa sababu sikuweza kufikiria neno jingine. "Kabla ya kwanza?"

"Nimeamua hivyo," alisema.

Nilirudi ndani nikamuuliza bibi kwa sauti ya chini kama alitolewa kwa nguvu. Alinitazama, akanishika mkono.

"Huyo ni baba yako," alisema. "Usimwulize tena."

Kuanzia hapo nilikwenda kwake mara nyingi baada ya kazi, nikiwa na kompyuta. Nilimwonyesha chumba kipya nikikizungusha ili akione kutoka ndani. Hakupenda kukizungusha, alisema kichwa kinamuuma. Alitaka kujua mlango unaangalia wapi. Nilimwambia unaangalia upande wa babu. Alisema vizuri. Alitaka kujua kuta zimefika wapi kweli, siyo katika kompyuta, na shangazi alitupigia simu kutoka kilimani penye mtandao ili amwambie. Zimefika madirishani. Zimefika kwenye linta, ule mkanda wa zege juu ya madirisha. Mbao za paa hazijaja. Wake wa majirani wa baba mkubwa walikuja kumsalimia na hawakujua lugha yake, naye hakuwa na hamu ya Kiswahili na wageni. Alikuwa anakaa akitazama geti. Chakula alikionja akakisogeza. Miguu ikavimba. Baba mkubwa alimpeleka hospitali, akalala huko naye, sakafuni, mtu mkubwa vile.

Bibi alifariki asubuhi nikiwa ofisini, nikibadilisha mlango wa nyumba ya mtu wa Manibe, kutoka kufunguka ndani kuwa wa kufunguka nje.

Tulimrudisha Lobule. Chumba kipya kilikuwa na kuta na linta bila paa, na watu walipokuwa wengi uani wengine waliingia humo kukaa, juu ya matofali yaliyobaki. Kaburi lilichimbwa upande wa pili wa babu. Wanawake wale wale walikuja na kuni. Walilia, lakini kwa sauti ya chini, kama watu ambao wameshafanya kazi hiyo na sasa wanaimalizia. Shemeji alikaa peke yake kwenye lundo la mchanga. Nilimpelekea chai. Aliishika mpaka ikapoa, kisha akaniomba niichukue.

Nilimkuta baba mkubwa nyuma ya chumba kipya, amesimama akikitazama.

"Alikuambia hataki kutoka hapa," nilisema.

"Aliniambia."

"Ukamtoa."

"Nikamtoa."

Nilimwacha pale, nikarudi uani. Tangu siku ile nilimsalimia kama adabu inavyotaka, na sikuzidisha. Yeye hakulalamika. Kila sikukuu alituma mtu kuniletea kitu, nyama au sukari, na mimi nilipokea nikashukuru kupitia mtu huyo huyo.

Kazi iliendelea, kwa sababu shangazi alihitaji nyumba. Fundi mkuu aliomba karatasi mpya, maana zile za kwanza hazikufanana tena na alichokuwa akikifanya. Nilifungua mchoro. Nilichagua kuta za chumba cha zamani moja baada ya nyingine, na pale palipoulizwa zibomolewe awamu gani nikaondoa ya tatu nikaweka ya kwanza. Programu haikuuliza kwa nini. Kitanda cha zamani kilibaki kikielea mahali pasipo na ukuta, kwa kuwa chenyewe nilikuwa nimesema kibomolewe awamu ya pili. Nilikifuta. Kitanda cha pili kilikuwa katika chumba kipya, kimetandikwa vizuri kama vinavyokuja vitanda vya programu, na mito miwili. Nacho nikakifuta.

Halafu ilibidi nichore kaburi lake, kwa kuwa mfereji wa maji ya paa ungepita karibu na lazima fundi ajue asilifukue. Nilichora umbo lile lile nililochora la babu na la baba. Programu ikaliuliza linaundwa awamu gani. Kama ningesema Iliyopo ningekuwa nimesema alikuwa amekwisha kuzikwa kabla hatujaanza kuchimba. Niliweka awamu ya pili, ile ambayo alipaswa kuhamia. Mara likageuka rangi. Makaburi mawili yalikuwa ya kijivu, na la kwake lilikuwa jeusi, mistari mizito, sawasawa na kuta za chumba kipya, kama kitu ambacho mteja ameagiza. Nilijaribu kulibadilisha rangi kwa mkono. Inawezekana, lakini kila nilipofungua ukurasa mwingine lilirudi jeusi. Mkuu wangu wa kazi alipita nyuma yangu, akasimama, akaniambia niende nyumbani.

Nilipeleka karatasi zile Lobule mwenyewe. Fundi mkuu alizipokea bila kuzifungua mbele yangu.

Sasa shangazi analala katika chumba kile. Kina paa, kina plasta, na mlango wake unaangalia pale nilipomwambia bibi. Baba mkubwa naye ameshafariki, na amelala kando ya mama yake. Wakati wa mazishi yake nilisimama nyuma.

Ilikuwa baada ya hapo, muda mrefu baadaye, mimi na shangazi tukianika muhogo juu ya mwamba, ndipo alipoanza kunisimulia juu ya kaka yake, jinsi alivyokuwa hawezi kumkatalia mama yao lolote. Alisimulia kama mtu anayedhani mwenzake anajua. Asubuhi ya Jumatatu, baada ya watu wa matanga na mchungaji kuondoka, bibi ndiye aliyemtuma yeye shangazi apande kilimani penye mtandao, ampigie baba mkubwa simu aje na gari. Baba mkubwa alikataa. Alitumwa kupiga mara ya pili. Bibi alisema mafundi hawawezi kugonga nyundo wakimsikia ndani, na kwamba mimi nisiambiwe, maana ningezuia. Kabla ya kupanda gari alimwita fundi mkuu, akaingia naye chumbani, akamwonyesha kwa fimbo ukuta wa kuanza kuubomoa, ule wa upande wa kitanda chake.